Wasiwasi Ulifika Kabla ya Njaa

Mhadhara kwa wazazi na walimu kuhusu wasiwasi na magonjwa ya kula, ukumbi wa kanisa, South B, Nairobi

Wazazi, walimu, na nyinyi vijana mliojibanza pale mlangoni, hamjambo? Ingieni, viti vipo.

Nianze na chapati. Binti mmoja wa kidato cha tatu, na mambo yake nimeyageuza ili asijulikane, alikuwa akikata chapati vipande kumi na sita. Akikosea hesabu anaisukuma sahani, anahema kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Mama yake aliponiletea alisema, "Daktari, huyu ana vidonda vya tumbo." Hapa Nairobi kila mtoto asiyekula ana vidonda vya tumbo! Alikuwa amemeza dawa za asidi mwaka mzima.

Sikuuliza habari za tumbo. Nilimuuliza mama, huyu alikuwa mtoto wa namna gani? Akatabasamu. "Hakuwa na shida kabisa. Alikuwa akifuta hesabu na kuiandika upya mpaka karatasi inatoboka. Usiku anaamka kuangalia kama nimefunga mlango." Wakati huo alikuwa na miaka saba.

Mwaka 2004, Walter Kaye, daktari wa akili wa Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya watu 672 waliougua anoreksia, ile ya kujinyima chakula, au bulimia, ya kula kupita kiasi kisha kuhangaika kukitoa, au zote mbili. Karibu theluthi mbili waliwahi kuwa na ugonjwa wa wasiwasi, na wengi wao ulianza utotoni, kabla chakula hakijawa tatizo. Msiende nyumbani na hofu, watoto wengi wenye wasiwasi hawafiki huko. Sababu nyingine zipo: kuna urithi wa damu, kuna maneno ya watu.

Sasa, chakula kinaingiaje? Mtihani huwezi kuuamrisha. Ugomvi wa baba na mama huwezi kuuzima. Sahani unaiweza. Siku ya kwanza anaruka chakula cha mchana, kifua kinatulia. Kesho anarudia, kwa sababu jana ilisaidia. Miezi ikipita, kile alichokikimbia ndicho kinachomtisha, na sasa anatetemeka mbele ya githeri.

Halafu njaa nayo huzaa wasiwasi wake. Kule Minnesota, Marekani, mwaka 1945, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa takriban miezi sita. Walikuwa wamechujwa, wazima wa mwili na akili. Walipokonda, wengi walijaa huzuni na hasira, wengine hofu. Wakawaza chakula kutwa, hata wapo waliokusanya vitabu vya mapishi. Hao ni watu wazima walioanza bila tatizo. Fikirieni aliyeingia njaani na wasiwasi wake mkononi.

Kwetu hali hii hupata pa kujificha. Binti wetu alikuwa akifunga siku tatu kwa wiki, na kanisani walimsifu kwa uchaji. Mimi mwenyewe ningemsifu. Na yule anayekula kwa siri usiku kisha anajitapisha, mwili wake unaweza kuonekana wa kawaida kabisa, huku potasiamu, moja ya madini ya damu, ikishuka na moyo ukiyumba. Wavulana wamo pia.

Mwili hutangulia katika matibabu, lakini kwa uangalizi. Msimrundikie ugali kwa huruma: mwili uliokaa na njaa ukilishwa ghafla, madini ya damu huvurugika, na mtu anaweza kufa.

Binti alirudisha uzito wake. Mama akaja na mandazi kunishukuru, anasema tumemaliza. Binti akaninong'oneza, "Daktari, sasa ndiyo naogopa zaidi." Alikuwa na haki. Njaa ndiyo iliyokuwa ikimtuliza, na sisi tuliiondoa kabla ya kumfundisha njia nyingine. Hapo ndipo kazi ilianza: tunaweka chapati mezani, anaichana kwa mkono, vipande havilingani, tunakaa nayo hofu mpaka ishuke yenyewe. Mara ya kwanza alilia dakika arobaini. Mara ya sita aliniuliza kama kuna maharagwe.

Wewe mama mwenye leso ya manjano, mkono wako umekuwa juu tangu niseme vidonda vya tumbo. Karibu.