Kwapa la Mwalimu Ubaoni

Mhadhara kwa wanachuo wa ualimu, Tanga

Mkuu wa chuo, shikamoo. Wakufunzi, habari za mchana. Wanachuo, hamjambo?

Nimepewa saa nane mchana, mwezi wa pili, ukumbi wa bati, feni mbili na moja haizunguki. Aliyepanga ratiba hii ana akili sana. Mada ya leo, jasho na harufu ya kwapa, haihitaji vielelezo, tunavyo humu humu.

Nianze na zoezi. Kila mtu anyanyue mkono wa kulia juu kabisa, kama anayeandika tarehe ubaoni. Juu. Juu zaidi. Haya, shusheni. Wengi wenu mmenyanyua kuanzia kiwiko tu, kwapa mmelibana na ubavu kama kuku aliyeloa. Huyu kaka wa safu ya pili tarehe yake ameiandika usawa wa kifua. Ninyi mtakuwa walimu. Mtashinda miaka 30 mmenyanyua mkono mbele ya watoto 70, na watoto hawana simile.

Mimi ni mfamasia, lakini leo sijaja na ufamasia peke yake. Nilipokuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, nilitoka prepo usiku nikakuta kipande cha sabuni juu ya mto wangu, kimefungwa kwa karatasi ya daftari. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, imekatwa kwa kisu. Hakuna aliyesema neno. Bweni zima lilikuwa limelala ghafla, hata wale waliozoea kupiga domo mpaka saa sita. Na siku hiyo nilikuwa nimekoga mara tatu.

Yule aliyeniwekea sabuni sidhani kama alikuwa na roho mbaya. Alikosea hesabu. Aliamini kwamba anayenuka ni asiyekoga, basi. Kumbe jasho ni kesi moja, harufu ni kesi nyingine, na kila kesi ina dawa yake. Watu wengi wanaokuja dukani kwangu wanatibu kesi ambayo siyo yao. Anayelowa anapulizia marashi. Anayenuka anahangaika kuzuia jasho. Wote wawili wanarudi baada ya mwezi wakisema dawa ni feki.

Lugha yetu haikupungukiwa na maneno hapa. Tuna kikwapa. Wazee wa pwani wana kutuzi. Harufu ikizidi wanasema mtu ananuka beberu, na aliyewahi kulala jirani na zizi anajua hilo si tusi la bure. Ninyi vijana mnasema fulani "anatema". Ila maneno yote haya yanataja harufu. Kwa mtu ambaye hanuki kabisa lakini shati limechora ramani mpaka kiunoni, hatuna jina. Tunamwita tu "ana jasho", kana kwamba sisi wengine hatuna.

Sasa twende ndani ya ngozi. Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Nyingi zinatoa jasho la maji na chumvi, kazi yake ni kuupoza mwili. Aina ya pili imejazana kwapani, kwenye kinena na kuzunguka chuchu. Hizi zimelala utoto wote, zinaamka wakati wa balehe, na zinachotoa ni kizito kidogo, kina mafuta na protini. Kikitoka hakina harufu. Hapo ndipo bakteria wanaoishi kwapani wanapokikuta, wanakila, na wanachoacha nyuma ndicho kikwapa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walimfuatilia mmoja wao, Staphylococcus hominis, hadi wakaonyesha jinsi anavyovunja vunja jasho na kutoa gesi yenye salfa. Salfa mnaijua: ni jamaa yuleyule wa kitunguu na yai viza.

Ushahidi mtaupata mkienda BTP, mazoezi ya kufundisha mashuleni. Ingieni darasa la pili baada ya mpira: vumbi na jasho, yameisha. Ingieni darasa la saba baada ya mpira uleule, mtafungua madirisha kabla ya kusema "kaeni". Maji ya kukoga nyumbani ni yaleyale. Kilichobadilika ni tezi.

Na kuna la kushangaza zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walitambua jeni inayoamua kama nta ya sikio lako itakuwa mbichi au kavu. Jeni hiyohiyo inahusika na jasho la kwapani. Watu wenye nta kavu, ambao ni wengi sana Korea, Japani na China, kikwapa chao ni kidogo mno au hakuna. Sisi huku, karibu wote, nta yetu ni mbichi. Kwa hiyo ukimcheka jirani yako, chokonoa sikio kwanza.

Tuje kwenye jasho lenyewe. Kuna mtu anayelowa kwa sababu ni Tanga na ni Februari. Huyo hana ugonjwa, ana hali ya hewa. Lakini kuna mwingine: amekaa kivulini, asubuhi, hana wasiwasi wowote, na kwapa zote mbili zinachuruzika. Lilimwanza ujanani, akilala linakata, na mara nyingi ukoo una mwenzake, mjomba au shangazi. Hiyo ni hali inayojulikana kitabibu na ina tiba. Siyo woga na siyo unene. Woga unaiongezea tu: mkaguzi amekaa nyuma ya darasa, unahisi tone la kwanza, unawaza tone, na tone linaita wenzake.

Hapa naomba umakini wa dakika moja. Jasho linalokuja usiku ukiwa usingizini, mpaka shuka linalowa, pamoja na kikohozi, homa au kupungua uzito, hilo usilijie dukani kwangu. Nenda kituo cha afya ukapimwe, kifua kikuu kikiwemo. Vilevile jasho jipya lililoanza ukubwani bila sababu, au la upande mmoja tu. Tezi ya shingoni, sukari, hata baadhi ya dawa za msongo wa mawazo zinaweza kuleta jasho. Na majipu ya kwapani yanayopona na kurudi palepale, yanaacha makovu, si suala la usafi. Mwone daktari wa ngozi.

Haya, tiba. Dukani kuna roloni, spreyi na za vijiti, na watu wanaziita zote diodoranti. Geuza chupa usome mgongoni. Kama humo hakuna neno linaloanza na "alumin", umenunua kitu cha harufu: kinapunguza bakteria na kuweka manukato, jasho hakiligusi. Chenye chumvi za alumini ndicho kinachozuia jasho. Chumvi hizo zinaingia kwenye mdomo wa tezi, zinakutana na jasho, zinaganda na kuweka kizibo kidogo. Kizibo kinakaa siku kadhaa, kisha kinatoka chenyewe.

Na hapa ndipo nilipopoteza miaka sita ya maisha yangu. Nilikuwa napaka asubuhi. Nakoga, najifuta nusunusu, napaka mwili ukiwa bado na unyevu, navaa shati, nakimbilia daladala. Jasho linakuja kabla kizibo hakijaganda, linaisukuma dawa yote kwenye shati. Juu ya hapo kwapa linawasha kama limepakwa upupu, kwa sababu alumini kloraidi ikikutana na maji inatoa tindikali. Nikaapa kwamba dawa hazinifai.

Dawa hii hupakwa usiku. Usiku tezi zimepoa. Koga mapema, jifute, kisha kaa mbele ya feni, au pepea kwa daftari kama hakuna umeme, mpaka kwapa liwe kavu kama unga. Paka kidogo, acha ikauke, lala. Asubuhi koga kama kawaida, usiogope, kizibo kiko ndani, hakitoki kwa maji. Wenye jasho jingi wapo wanaohitaji ile kali, alumini kloraidi ya asilimia 20: kila usiku kwa wiki moja hivi, jasho likipungua unashuka hadi mara moja au mbili kwa wiki. Usipake siku uliyonyoa, utalia.

Mtaniuliza kama dawa hizi za alumini zinaleta saratani ya matiti, naona dada pale ameshafungua mdomo. Habari hiyo imezunguka sana kwenye simu. Imechunguzwa, na hakuna uhusiano uliothibitishwa. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye anayepaswa kumuuliza daktari wake kwanza, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa alumini mwilini.

Ikishindikana, zipo tiba nyingine kwa daktari. Kuna sindano za botoksi kwapani, Marekani waliziidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2004; zinasaidia miezi kadhaa na bei yake si ya mshahara wa mwalimu. Kuna vidonge, vinakausha jasho na mdomo pia. Kuna upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu kifuani, na huo mimi siushabikii hata kidogo: wengi jasho linahama tu, linakwenda mgongoni na tumboni. Madaktari wa ngozi tunao. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda kinachowafundisha tangu 1992.

Kesi ya pili, harufu. Sabuni ya kawaida na maji, usugue kwapa lenyewe, siyo povu lipite njia. Nywele zipunguzwe, maana zinashika jasho na kuwapa bakteria mahali pa kukaa. Waislamu humu mnaijua hesabu ya kutopitisha siku 40. Kama bado, kuna dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi. Unapaka kwapani bafuni, unasubiri dakika mbili, unaosha. Inaua bakteria vizuri. Ila inakula rangi ya taulo, tumia jeupe. Nilijifunza hilo kwa taulo la mke wangu, na tusiendelee na hadithi hiyo.

Limau na magadi acheni. Limau linachoma ngozi, na likipigwa jua linaacha mabaka meusi. Lakini shabu, jiwe lile jeupe la kinyozi, hilo nalitetea. Mtu wa kwanza kunisaidia maishani hakuwa daktari, alikuwa kinyozi wa Ngamiani. Alimaliza kunipitishia shabu kidevuni, akanitazama, akanikatia kipande. "Lowesha, pitisha kwapani, usimwambie mtu." Kumbe shabu ni chumvi ya alumini! Haizuii jasho kama hizi za dukani, ila bakteria haiwapendi.

Udi na marashi ni utamaduni wetu na mimi mwenyewe chetezo hakikosi nyumbani Ijumaa. Lakini nguo inafukizwa ikiwa safi. Udi juu ya kutuzi haufuti kutuzi. Unakuwa na kutuzi lenye udi.

Na nguo ndiyo mchawi mkubwa, hapa nataka kukaa kidogo. Mmeshawahi kuchukua shati limefuliwa, limeanikwa, halinuki kitu, ukaweka pasi pale kwapani likafuka harufu ya wiki iliyopita? Hilo shati ni poliesta. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwapa watu fulana za pamba na za poliesta wafanye mazoezi, kisha wakazihifadhi saa 28 na kuzinusa. Za poliesta zilinuka vibaya zaidi, na bakteria wa jamii ya Micrococcus walistawi humo. Pamba inanyonya jasho ndani ya uzi. Poliesta inalibakiza juu pamoja na mafuta yake, na mafuta hayo yanang'ang'ania.

Kwa hiyo mwili wako unaweza kuwa umepona na shati likaendelea kuugua. Fanya hivi: ligeuze ndani nje. Sugua sabuni pale kwapani kwanza kabla ya kuliloweka. Kisha loweka nusu saa kwenye maji yenye kikombe cha siki, fua, anika juani bado limegeuzwa. Alama za njano kwenye shati jeupe usizipeleke kwenye jiki, zinazidi kuiva. Na jiki na siki visikutane ndoo moja hata siku moja, vinatoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Shati la leo lifuliwe leo. Ukilitundika msumarini ili ulirudie kesho, umewawekea bakteria chakula na kitanda.

Siku ya mkaguzi vaa jeupe au la rangi nzito, na fulana ya pamba ndani. Samawati hafifu na kijivu ni wasaliti.

Sasa wanafunzi wenu. Mtoto wa darasa la saba ananuka, wenzake wanahamisha madawati. Usimtaje mstarini. Usimtume monita. Usimpe sabuni kwenye karatasi, mimi hiyo nimeshaipokea. Mwite peke yake baada ya vipindi, mtoto wa kike aitwe na mwalimu wa kike, na swali la kwanza lisiwe "unakoga?" Muulize ana mashati mangapi. Mara nyingi ni moja, la poliesta, Jumatatu hadi Ijumaa. Huyo huanzi na kwapa lake. Unaanza na ndoo, kipande cha sabuni, na shati la kuazima la kurudi nalo nyumbani wakati lake linakauka.

Wenye maswali, nyanyueni mikono. Juu, juu. Kaka wa safu ya pili, naona sasa umefika usawa wa sikio. Karibu.