Pipeti inayopunja

Mwenyekiti, asante. Wakubwa mlioko mbele, shikamooni. Vijana wa nyuma, marahaba, hata ambao hamjaniamkia. [Kicheko]

Walionisikia mwaka jana wanajua nitasema nini na wameshatoa simu. Sawa tu. Nitaacha kulisema siku nitakapoingia maabara kumi mfululizo, niulize pipeti hii, hiki kidude cha kuvutia na kumiminia vimiminika kwa kipimo, imepimwa lini, nisijibiwe "ilikuja na cheti." Cheti cha kiwandani! Mtoto naye ana cheti cha kuzaliwa, lakini kliniki tunampeleka kila mwezi awekwe kwenye mizani.

Leo niliomba kila mtu aje na pipeti moja kutoka kazini kwake. Nimeziona kwenye lile boksi. Tutazifikia.

Nianze na mama muuza dagaa. Mlioshamsikia vumilieni. Nilikuwa kijana, kwenye hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, sitaitaja. Tulikuwa na mashine ya kemia ya zile za nusu mkono: unachanganya mwenyewe kwenye tyubu, mashine kazi yake ni kusoma rangi. Glukosi ilikuwa maikrolita 10 za seramu, yale maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, ndani ya maikrolita 1000, yaani mililita moja, za kitendanishi, ile dawa inayobadili rangi, unaweka kwenye joto la nyuzi 37, unasubiri, unasoma. Mama huyu alikuwa na kidonda mguuni, mwezi wa pili hakiponi. Mama yake mzazi alikufa na kisukari, dada yake anacho. Akaja asubuhi hajala kitu, tukapima: 5.9. Wiki mbili baadaye karudi: 5.8. Daktari akamwambia sukari iko sawa, endelea kusafisha kidonda.

Mara ya tatu hakuondoka baada ya kutolewa damu. Akasimama dirishani pangu, kiwiko juu ya ubao, ananitazama nikivuta seramu. Akasema, "Mwanangu, hicho kidude chako kinapunja."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza habari ya kopo. Sokoni kwao kuna wauzaji wanaobonyeza kitako cha kopo kiingie ndani. Mnunuzi anaona dagaa wamejaa mpaka kilele kinamwagika, na kweli kopo limejaa, ila kilichomo si kopo. "Mimi namjua mtu wa namna hiyo kwa kumwangalia mkono," akasema. "Wewe mkono wako mzuri. Kidude ndicho kibaya. Kuna kitone kinatoka nje, halafu wewe unakifuta."

Mama wa dagaa, kutoka dirishani. Mimi nilikuwa na stashahada.

Nikavuta seramu upya, nikashika pipeti wima hewani, nikahesabu. Kwenye saba kitone kikaanza kutuna kwenye ncha ya tipu, ile plastiki ya kutupa inayovikwa pipeti. Kwenye kumi na tano kilikuwa kama kichwa cha pini, na ukitazama juu, ndani ya tipu, seramu ilikuwa imeteremka. Na sisi tulifundishwa vizuri sana, ndugu zangu: kabla ya kumimina, futa ncha kwa tishu. Kwa hiyo nilikuwa nafuta sukari ya mama wa watu na kuitupa kwenye ndoo ya taka, kwa nidhamu kabisa.

Nikaichunguza. Shingoni, pale tipu inapovikwa, palikuwa na plasta. Plasta ya kidonda, ile ya kahawia. Mtu aliidondosha, ikapata ufa, akaifunga, akairudisha kwenye stendi, akaenda nyumbani kulala. Nikaazima mizani ya duka la dawa, nikamimina maji mara kumi. Nilitegemea milligramu 100. Nikapata 80. Kwa pipeti nyingine, seramu ileile ya mama ikasoma 7.4. Mpaka wa kisukari kwa mtu aliyefunga ni 7.0. Piga hesabu mwenyewe: wangapi walipita kwenye plasta ile wakaambiwa wako salama? Mimi nilijaribu kupitia rejista, nikafika ukurasa wa nne nikaacha, kwa sababu hata wa kuwaita sikuwa na simu zao.

Naona kaka mwenye shati la bluu anataka kusema: "Lakini kontroli ingeonyesha," ile sampuli ambayo jibu lake tunalijua tayari. Ilionyesha! Ilikuwa inashuka. Tukirudia. Ikishuka, tunarudia. Ikiingia ndani ya mipaka, tunaandika hiyo iliyoingia. Mnajifanya hamnielewi. [Kicheko]

Na mwingine, msomi zaidi, anasema: "Kama stendadi, kile kimiminika cha kipimo kinachojulikana tunachoipangia mashine, nayo ilipimwa kwa pipeti hiyohiyo, kosa linajifuta lenyewe." Swali zuri, na ndilo linalowaponza watu werevu. Ni kweli, pipeti inayopunja sawasawa kila mara, stendadi ikipunjika na mgonjwa akapunjika, uwiano unabaki. Lakini sisi stendadi tulipima mwanzoni mwa mwezi, mashine ikahifadhi kigezo, na pipeti ikadondoka katikati ya mwezi. Halafu pipeti inayovuja haipunji sawasawa. Inapunja kadiri unavyochelewa kutoka tyubu hadi tyubu. Ukiitwa simu katikati, mgonjwa huyo amepunjika zaidi ya mwenzake. Na stendadi ni nyepesi kama maji, seramu inang'ang'ania plastiki. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya stendadi.

Haya, fedha. Kila mwaka kuna mtu anasimama kuniambia kampuni ya kuhakiki pipeti inadai hela nyingi na bajeti haipo. Muuza nyama ana bajeti? Mizani yake Wakala wa Vipimo wanakuja wanaigonga muhuri, pampu ya mafuta vilevile, na magunia ya lumbesa tunayapigia kelele mpaka Bungeni. Nyanya kilo moja ikipungua robo tunatukanana sokoni. Seramu ikipungua robo tunapiga muhuri wa hospitali na kusaini.

Na hela haihitajiki kujua kama pipeti ni nzima. Inahitajika maji safi yaliyochemshwa, mvuke wake ukapozwa kuwa maji tena, kipimajoto, na mizani inayosoma milligramu sehemu ya kumi, ile ya tarakimu nne baada ya nukta. Maikrolita moja ya maji ina uzito wa milligramu moja, kasoro kidogo sana. Kwenye nyuzi 20 maikrolita 1000 ni kama milligramu 997. Chumba cha nyuzi 28 kinapungua kidogo tena, hata nusu asilimia haifiki. Anayetaka usahihi kamili kuna jedwali la kuzidishia. Unaweka kikopo, unaifanya mizani isome sifuri, unamimina, unaandika, mara kumi. Kiwango cha kimataifa, ISO 8655, kinaruhusu pipeti ya 1000 ikosee maikrolita 8, ya 100 ikosee 0.8, ya 10 ikosee 0.12. Sasa ile ya 10 mizani yetu haiwezi kuona 0.12 kwa tone moja, nakubali. Basi mimina matone kumi ndani ya kikopo kimoja, pima yote, gawanya. Hutajua kama inatetemeka kati ya tone na tone, ila utajua kama inapunja. Fanya haraka, au ziba kikopo, na zima feni! Nimeona mtu anapima maikrolita 10 chini ya panga boi halafu anashangaa maji yanapotea.

Jaribio jingine halitaki hata mizani: vuta kiasi cha juu, ning'iniza sekunde ishirini, tazama ncha. Nililofundishwa na mama wa dagaa.

Kwa nini inavuja? Kwa sababu pipeti hizi hazivuti maji. Zinavuta hewa, na hewa ndiyo inayovuta maji. Sisi wa zamani tulivuta kwa mdomo, ndiyo dada, kwa mdomo, pipeti ya kioo unanyonya kama mrija wa soda halafu unaziba kwa kidole. Nimeonja mikojo ya watu nisiowajua. [Kicheko] Cheka tu, wapo wahudumu wa maabara waliopata taifodi kwa namna hiyo. Mjerumani mmoja, Heinrich Schnitger, pale Marburg, mwaka 1957, alichoka kunyonya akatengeneza bomba lenye springi na ncha ya plastiki ya kutupa. Kampuni ya Eppendorf ya Hamburg ikaitia kiwandani. Pistoni haigusi damu, katikati pana hewa. Ndiyo usalama wake, na ndiyo ugonjwa wake. Mpira wa ndani ukichakaa, shingo ikipata ufa, tipu ya bei rahisi ikilegea, hewa inaingia, kopo limeshabonyezwa kitako. Ukivuta sampuli iliyotoka friji sasa hivi, hewa ya ndani inasinyaa, unachukua zaidi. Iache ifikie joto la chumba.

Na mkono: bonyeza kitufe mpaka kituo cha kwanza, pale kinapogoma kidogo, kabla ya kuzamisha, zamisha milimita mbili tatu tu, achia polepole, pipeti wima. Lowesha tipu kwanza, vuta na kurudisha mara tatu. Kwa damu na seramu nzito fanya kinyume: bonyeza mpaka kituo cha pili, vuta, mimina mpaka cha kwanza, kinachobaki kitupe. Usiilaze mezani ikiwa na kitu ndani. Haya mnayajua. Kuyajua si shida yenu.

Dakika ngapi? Tano? Mwenyekiti, saa yako nayo ikapimwe. [Kicheko]

Basi mada yangu ya pili, uchujaji, nauchukua kwa mfano mmoja, kichocho, kwa sababu kosa lake liko palepale, kwenye kuvuta. Mililita 10 za mkojo, uliotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, unavuta kwa bomba la sindano, unasukuma kupitia kichujio chenye matundu ya maikromita 12. Yai la kichocho cha mkojo lina urefu wa zaidi ya maikromita 100, haliwezi kupita, linabaki na mwiba wake mkiani unalihesabu kwenye hadubini. Mayai 50 au zaidi kwa mililita 10, maambukizi ni makali. Kazi nzuri, rahisi, hata chini ya mwembe wa shule inafanyika. Tatizo liko wapi? Mayai yanazama! Mkojo umekaa kwenye kikopo saa nzima, mtu anachomeka bomba juu juu, anavuta mililita 10 zilizo safi, anachuja, anaandika hakuna. Kichujio hakina kosa. Tikisa kwanza, ndipo uvute. Na mtoto akitoa mililita 6, andika 6, usiandike 10 kwa sababu fomu imechapishwa 10. Vile vichujio vya nailoni vinavyooshwa na kurudiwa, vitazame kwenye hadubini kabla ya mtoto wa pili, la sivyo utampa yai la mwenzake.

Vichujio vya maikromita 0.22 vya kusafishia vimiminika: vinazuia bakteria, virusi havizuiwi. Hilo linajulikana tangu Ivanovsky, 1892, alipopitisha maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa kwenye kichujio cha Chamberland na yakaendelea kuambukiza. Kwa hiyo nisisikie tena "imechujwa, haina neno." Tipu zenye kichujio ndani kwa kazi za vinasaba: zinazuia mvuke wa sampuli kupanda kwenye pipeti, na kimiminika kikigusa kile kichujio tupa tipu, usibishane nayo. Nilikuwa na la kusema kuhusu matone ya bafa, yale maji ya dawa yanayosukuma damu, kwenye kipimo cha haraka cha malaria, watu wanatia kwa macho. Nimeliacha, mtaniuliza nje.

Chai isubiri kidogo. Mizani ile pale, maji yale, joto la chumba nimeshaliandika, 27. Feni izimwe. Leteni boksi. Ile yenye plasta shingoni nimeiona tangu asubuhi, siulizi ya nani, ianze hiyo.