Kuku wa Havana, kura za Miami na belo la mitumba

Haya jamani, naona viti vya nyuma vimejaa vya mbele vitupu, kama kawaida yetu, sogeeni bwana siumi. Mada niliyopewa ni sera ya nje ya Marekani na siasa zake za ndani, na nikianza na nadharia hapa, na joto hili, mpaka saa kumi mtakuwa mmelala wote, kwa hiyo naanza na siga, zile sigara nene za Kuba.

Februari 1962, Rais Kennedy anamwita msemaji wake Pierre Salinger, anamwambia nisaidie kitu, nitafutie siga za Kuba, elfu moja hivi, kesho asubuhi niwe nazo. Salinger (mwenyewe ndo alikuja kusimulia hii stori baadaye) akazunguka maduka ya Washington jioni ile akapata 1,200. Kesho yake Kennedy anamuuliza vipi, umepata? Nimepata 1,200 mheshimiwa. Safi sana, rais akavuta droo akatoa karatasi akasaini pale pale, amri ya kupiga marufuku bidhaa za Kuba kuingia Marekani. Yaani mzee kajaza stoo yake kwanza, alafu ndo kafunga duka.

Chekeni tu, hata mimi huwa nacheka, ila sasa tazameni, ile amri imepita miaka 60. Makombora ya Warusi yaliondolewa Kuba mwaka huo huo wa 1962, Umoja wa Kisovieti ukafa 1991, Fidel Castro mwenyewe, aliyeitawala Kuba, kafariki 2016. Vietnam, ambako Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa vitani, iliondolewa vikwazo 1994 na leo viatu vya Nike vinashonwa kule. Kuba bado. Na dunia nzima imeshachoka kulisema, karibu kila mwaka toka 1992 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa linapiga kura, 2023 nchi 187 zikasema ondoeni, zilizokataa mbili, Marekani na Israeli. Mtu atakwambia aah, ni ukomunisti tu huo. Sawa, na Vietnam wale ni chama gani kinatawala?

Mimi jibu nalitafuta Miami.

Mnajua rais wa Marekani hachaguliwi kwa kujumlisha kura za nchi nzima, kila jimbo lina kura zake za wajumbe, na karibu kila jimbo anayeongoza hata kwa kura moja anabeba zote. Sasa California inajulikana itaenda wapi, Texas inajulikana, kwa hiyo wagombea wanahangaika na majimbo machache yanayoyumba, na Florida kwa miaka mingi ilikuwa baba lao, mwaka 2000 ilikuwa na kura 25. Na ndani ya Florida kuna Wakuba waliomkimbia Fidel, wamejikusanya eneo moja, Miami, wanajiandikisha, wanajitokeza kupiga kura, wanachanga hela, na kwa wazee wao swali la kwanza kwa mgombea lilikuwa Kuba, kodi na barabara baadaye. Mkulima wa Ohio ukimuuliza habari ya Kuba atakwambia labda tufungue tu biashara, lakini hatampigia wala kumnyima mtu kura kwa sababu hiyo. Mnaona mzani ulivyo? Kuna watu wachache wanaojali hadi kufa, kuna wengi wanaojali kidogo kidogo, mwanasiasa anayetafuta kura atamsikiliza nani? Hilo ndo nililokuja kuwaambia leo, hayo mengine yote ni mifano.

1981 mfanyabiashara mmoja wa Miami, Jorge Mas Canosa, akaanzisha na wenzake taasisi ya Wakuba wa Marekani, ikawa lobi kwelikweli, yaani kundi la kushawishi wanasiasa, wanachangia kampeni za vyama vyote viwili, hawabagui. Ikaja 1992. Kuna muswada wa kukaza vikwazo, Rais Bush mkubwa alikuwa hautaki hivohivo ulivyo, unawaudhi marafiki zake wa Ulaya. Clinton, mgombea wa upinzani, wa chama cha Democrat, mtu ambaye ungetegemea awe mlegevu kidogo kwa Kuba, akaenda Miami Aprili kwenye harambee, akasema muswada nimeusoma na nimeupenda. Basi! Bush atafanyaje sasa, aonekane mlegevu kuliko mtu wa Democrat? Oktoba, uchaguzi umebaki siku kadhaa, akausaini, na akausainia Miami hukohuko.

1996 ndo nzuri zaidi. Februari 24 ndege za kivita za Kuba zikatungua vindege viwili vya kikundi cha Wakuba wa Miami, wakafa watu wanne. Kulikuwa na muswada mwingine wa kukaza vikwazo, wa wanasiasa wawili, Helms na Burton, Clinton alikuwa anaupiga danadana miezi mingi, sasa ni mwaka wa uchaguzi na watu wamekufa, Machi 12 kasaini. Na humo ndani kuna kipengele ambacho watu hawakuzingatia sana wakati ule, kinachukua vikwazo vyote vilivyokuwa amri ya rais kinavifanya sheria. Maana yake toka siku ile rais hawezi kuviondoa kwa kalamu yake peke yake, mpaka Kongresi, yaani bunge lao, likubali. Clinton kajifunga kamba mwenyewe, kawafunga na wote watakaokuja. Florida aliipata lakini, Novemba ile.

Alafu akaja mtoto. Elián González, miaka mitano, Novemba 1999 kaokotwa baharini karibu na Florida, mama yake kazama. Baba yuko Kuba anamtaka mwanawe, ndugu wa Miami wanasema haendi mtu kwa Castro. Ingekuwa nchi nyingine yoyote hii ni kesi ya malezi, inaisha. Makamu wa rais Al Gore anagombea, akajitenga na serikali yake mwenyewe akaunga mkono mtoto apewe ukaazi. Haikumsaidia. Aprili 22, 2000, alfajiri, maafisa wa serikali wenye bunduki wakaingia ile nyumba, mwandishi akapiga picha, mtoto analia kabatini kashikiliwa na mtu, bunduki mbele yao, picha ile Miami nzima iliikariri. Novemba Gore kapoteza Florida kwa kura 537. Jimbo lenye wapiga kura karibu milioni sita! Sasa siwaambii Elián peke yake ndo kamuangusha Gore, kwenye pengo la kura 537 hata mvua inaweza kuwa sababu, ila jiwekeni kwenye viatu vya mgombea anayekuja baada ya hapo, utathubutu kwenda Miami kuongelea kulegeza vikwazo? (Elián kwa taarifa yenu ni mbunge sasa hivi, Kuba, toka 2023.)

Kabla sijasahau, kuna kitu kitamu hapa. Lincoln na Mario Díaz-Balart, ndugu wawili, wote wamekuwa wabunge wa Miami na wote wakali wa vikwazo kupindukia. Shangazi yao, dada wa baba yao kabisa, Mirta, ndo alikuwa mke wa kwanza wa Fidel. Kwa hiyo hii sera ya taifa kubwa kuliko yote duniani ina na ugomvi wa ukweni humo ndani, na sisi Waswahili ugomvi wa ukweni tunaujua hauishi leo.

Sasa msiseme lobi ya Miami ndo Mungu. Mwaka huohuo 2000 walipigwa bao, na aliyewapiga ni ngano. Kulikuwa na mbunge wa Republican wa mashariki ya jimbo la Washington, upande wa Spokane, anaitwa George Nethercutt, wapiga kura wake ni wakulima wa ngano, bei imeanguka, wanamwambia mheshimiwa pale kuna watu milioni 11 wanakula kila siku na sisi hatuwauzii. Akabanana na wenzake wa chama chake mwenyewe mpaka ikapita sheria ya kuruhusu kuuza chakula Kuba. Wa Miami nao wakachomeka masharti, hakuna mkopo, lipa keshi kwanza ndo mzigo uondoke. Desemba 2001 meli zikafika Havana, na ukienda kule leo, miguu ya kuku waliogandishwa kwenye mafriza mingi inatoka Marekani. Yaani nchi imewekewa vikwazo na inalishwa kuku na aliyeiwekea vikwazo! Ukitafuta mantiki ya sera ya nje hapo utaumwa kichwa, ila ukitazama nani ana mbunge na nani hana, inaeleweka vizuri tu.

Na Obama je, si alifungua ubalozi? Alifungua, ila angalieni tarehe. Alitangaza kurudisha uhusiano Desemba 17, 2014. Uchaguzi wa mwisho wa Kongresi wa katikati ya muhula wake ulikuwa umepita mwezi mmoja tu, na yeye hagombei tena. Trump akaja akarudisha nyuma, akatangazia wapi? Miami, Juni 2017. Halafu ile orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi, Biden kaitoa Kuba Januari 14, 2025, Trump kaapishwa tarehe 20 kairudisha siku hiyohiyo. Siku sita. Na waziri wa mambo ya nje sasa ni Marco Rubio, mtoto wa Miami, wazazi wake Wakuba, ingawa wao waliondoka 1956 kabla Fidel hajachukua nchi.

Mtasema Kuba ni mbali. Haya, twende Karume, twende Gikomba, kwenye masoko ya mitumba. 2016 marais wetu wa Afrika Mashariki walikaa Arusha wakakubaliana mitumba iondolewe pole pole, tufufue viwanda vya nguo. Rwanda ikapandisha ushuru toka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola mbili na nusu. Kumbe kule Marekani kuna chama cha wafanyabiashara wa mitumba na matambara, kinaitwa SMART, Machi 2017 kikapeleka malalamiko kwa mwakilishi wa biashara wa Marekani kwamba ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Nani kule Kansas alikuwa anajua kuna kitu kinaitwa belo? Hakuna. Na hapo ndo penyewe, maana hakukuwa na mtu wa upande wa pili wa kusema acheni hizo nchi zishone nguo zao, aliyekuja mezani ni mlalamikaji tu, na rais alikuwa ameingia na kauli ya Amerika kwanza. Sheria ya AGOA ya mwaka 2000, ile ya Marekani ya kuruhusu bidhaa za Afrika ziingie kwao bila ushuru, ilikuwa inadai usiweke vizuizi kwa bidhaa zao, ukiweka unatolewa. Kenya ikajitoa mapema, si unajua viwanda vya Athi River vilikuwa vinauza nguo Marekani kwa hiyo AGOA. Tanzania na Uganda zikalegea. Rwanda ikasema hapana, na Julai 2018 nguo zake zikatolewa kwenye msamaha wa ushuru.

Naambiwa dakika zimeisha, maswali mawili. Kijana wa shati jeupe anauliza na sisi Waafrika kule hatuwezi kufanya kama Wakuba? Inawezekana, Waethiopia wamefanya. 2018 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kuikosoa serikali ya Ethiopia juu ya haki za binadamu, na aliyelisukuma sana ni Mike Coffman, Republican wa Colorado. Unajiuliza huyu mzee wa Colorado na Oromia ya Ethiopia wapi na wapi, mpaka ujue kwamba kwenye jimbo lake la uchaguzi kuna Aurora, mji wenye Waethiopia kibao, na kiti chake kilikuwa kinatikisika. Kilitikisika kweli, Novemba hiyohiyo kakipoteza. Watanzania kule wametawanyika, huku wawili kule watatu, mbunge hawaoni.

Na mama pale, eeh, mama anasema yeye anauza mitumba miaka 19, ile marufuku ingemuua, kwa hiyo huo mkutano wa Arusha yeye hakuulizwa na hao SMART ndo wamemuokoa, sasa awashukuru au awachukie? Mama yangu, umenipata. Mtu aliyekupigania alikuwa anapigania belo lake, ila njaa yenu ilikuwa moja, na ulivyosema hukuulizwa Arusha umegusa muhadhara mwingine kabisa, wa siasa za ndani za kwetu, nao waandaaji hawakunilipia.