Doa la Karatasi, Alama ya Mtu

Wazee wangu shikamooni, na nyote mliobaki habari za jioni. Jinsi kamera ilivyofika Unguja mnajua, na mihuri ya wapiga picha wa zamani wa Unguja, kina A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, mmeshaiona nyuma ya kadi za picha. Sitairudia. Nina neno moja, lile lile la siku zote, na nitalisema mpaka liingie: kabla hujafuta alama yoyote kwenye picha ya kale, jiulize, alama hii iko kwenye karatasi, au iko kwa mtu?

Tuchukue kadi moja ya picha, ile ndogo ya milimita 64 kwa 100 iliyoenea sana karne ya 19. Mwanamke amekaa, mkono mmoja juu ya meza, puani kipini, masikioni majasi. Karatasi ni ya ute wa yai, yaani iliyopakwa ute huo ili ushike picha, imegeuka manjano, na ina vidoa vya ukungu vya kahawia kila mahali. Kijana wetu anaifungua kwenye kompyuta, anashika brashi ya kuponyea, ile ya programu inayofunika doa kwa rangi ya jirani yake, na baada ya dakika ishirini uso umekuwa laini kama wa mtoto mchanga. Watu wanasifu. Kumbe vile vidoa vya shavuni havikuwa vidoa, yalikuwa makovu ya ndui. Ndui imepiga pwani hii mara nyingi katika karne ya 19, na aliyepona mara nyingi alibaki na alama usoni maisha yake yote. Watoto wake walimjua kwa uso ule. Sasa tumempa mjukuu picha ya mtu mwingine, tukaiita usafi.

Utajuaje? Doa la ukungu halichagui. Litakuwa shavuni, litakuwa kwenye mtandio, litakuwa kwenye pazia la nyuma, kwa ukubwa na rangi zinazokaribiana. Kovu linakaa kwenye ngozi tu. Kisha tazama mwanga. Kama mwanga wa studio umetoka kushoto, kishimo cha ndui kitakuwa na giza ukingo wa kushoto na weupe ukingo wa kulia. Chale zilizovimba ni kinyume: upande wa kushoto ndio unaong'aa. Doa la karatasi halijui mwanga ulitoka wapi, ni bapa tu. Likuze mpaka piseli moja ya picha iwe piseli moja ya skrini, usitazame kwa mbali.

Mkwaruzo nao una njia yake. Unaanzia kwenye paji la uso, unavuka kilemba, unaingia kwenye pazia bila kujali mpaka. Ukibaki na shaka, rudi kwenye kadi yenyewe. Zima taa za chumba, weka tochi ubavuni mwa kadi, karibu ilale na meza. Mkwaruzo wa karatasi utaonyesha bonde lenye kivuli. Chale ya shavuni haitaonyesha kitu, karatasi pale ni tambarare. Kazi ya dakika moja hii, na wengi hawaifanyi.

Na kuna alama za aina ya tatu, zilizotoka kwenye kioo cha negativu, kile kilichokuwa ndani ya kamera na ambacho picha ya karatasi ilichapwa kutoka kwake. Vumbi lililokaa juu ya negativu lilizuia mwanga, kwa hiyo kwenye karatasi limekuwa nukta nyeupe. Palipochunika negativu pamekuwa mstari mweusi. Hizi zilikuwapo siku picha inachapwa. Mfano maarufu ni picha ya Abraham Lincoln, rais wa Marekani, aliyoipiga Alexander Gardner tarehe 5 Februari 1865. Kioo kilipasuka, ikatoka chapa moja tu, kioo kikatupwa. Ule ufa unaopita juu ya kichwa chake ndio unaotuambia chapa imetoka wapi. Ukitaka kuuziba, uzibe kwenye nakala, na useme kwamba umeuziba.

Najua kuna anayesema moyoni: siku hizi kuna akili mnemba, unabonyeza kitufe inamaliza yote. Basi nisikilizeni vizuri hapa. Programu kama GFPGAN na CodeFormer zimefundishwa kwa nyuso 70,000 zilizokusanywa Flickr, picha za watu wa zama hizi. Ukizipa uso uliofifia, hazifufui kilichokuwapo. Zinachora uso unaowezekana, kwa kufuata nyuso zilizozoea. Kipini zinaweza kukiona vumbi. Chale za Kimakonde zinaweza kuziona mikwaruzo. Ndonya, lile pambo la mdomoni, haijulikani itakuwa nini. Macho ndiyo mabaya zaidi: yanatoka maangavu, yana kope zilizohesabika, na hayakuwa ya yule mtu. Picha ya mandhari ikikosewa jani moja si neno. Picha ya mtu ikikosewa macho, imekosewa yote. Kwenye uso tumia mkono, na pale ambapo karatasi imepoteza jicho kabisa, acha pawe pamepotea.

“Lakini picha yangu imefifia sana.” Mara nyingi haijafifia kama unavyodhani, umeiskani vibaya. Iskani kwa rangi, hata kama unaiita nyeusi na nyeupe, biti 16 kwa kila rangi ili tofauti ndogo zisipotee, faili la TIFF lisilopunguza ubora. Kadi ndogo iskani kwa dpi 1200, yaani nukta 1200 kwa kila inchi, upate kama piseli 4,700 kwa urefu. Zima usafishaji wa moja kwa moja na kila kinachonoa picha. Halafu tenganisha rangi tatu za skani, nyekundu, kijani na buluu, uzitazame moja moja. Picha ya ute wa yai iliyofifia imebaki hudhurungi na manjano, na manjano humeza buluu, kwa hiyo uso uliokwisha kwenye nyekundu utaukuta bado umo kwenye buluu. Doa la chai ni kinyume: limekolea kwenye buluu na karibu halionekani kwenye nyekundu. Unachanganya: uso kutoka buluu, sehemu ya doa kutoka nyekundu. Aliyeskani kwa kijivu ameutupa msaada huo kabla hajaanza.

Marekebisho yote yawe kwenye tabaka la juu ndani ya programu, skani ya chini isiguswe.

Kutia rangi sitakaa sana. Kioo cha kolodioni, dawa iliyopakwa kwenye negativu za zama zile, kilihisi buluu, nyekundu hakikuiona karibu kabisa. Bendera nyekundu ya Sultani hutoka karibu nyeusi. Nguo nyekundu na nguo nyeusi zinatoka sawa, na ngozi zetu zinatoka nyeusi kuliko zilivyokuwa. Sasa wewe unayetia rangi unaitoa wapi? Ukiitia, andika kwamba umeibuni.

Muda unanibana. Kuhusu hakimiliki: Kenya picha inalindwa miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka ilipopigwa au kutolewa kwa umma, upi umechelewa. Umoja wa Ulaya sheria ya mwaka 2019 inasema nakala ya kazi ya sanaa ambayo ni mali ya umma haizai hakimiliki mpya, na Marekani mahakama iliamua hivyo mwaka 1999. Basi usipachike jina lako katikati ya kifua cha bibi wa watu eti ni picha yako. Ukipandisha Wikimedia Commons, ile hazina ya mtandaoni ya picha huru, pandisha mbili, skani isiyoguswa na iliyosafishwa, uziunganishe, ueleze ulichofanya. Pandisha na mgongo wa kadi. Mwandiko wa Kiarabu wa kalamu ya risasi usiousoma wewe atausoma mwingine. Kama maelezo ya zamani yanasema tu “mwanamke wa Kiswahili”, yaache katika alama za nukuu na usimbunie jina. Na zile za wanawake waliovuliwa nguo ili picha zao ziuzwe kwenye postikadi, hakimiliki haikuzuii kuzisambaza. Mimi nasema usizisambaze.

Skana iko pale nyuma. Mwenye picha iliyogandana na kioo cha fremu asiibandue. Gelatini, ule utando unaobeba picha, ikishika unyevu wa pwani hulainika ikang'ang'ania kioo, na ukivuta, uso unabaki kwenye kioo. Ilete na kioo chake, tutaiskani hivyo hivyo.