Chanjo ya Malaria Impate Mtoto Mapema

Ndugu wazazi, wahudumu wa afya wa vijiji, walimu, asanteni kwa kuja. Hapa Tororo, Uganda, lugha zetu ni nyingi, lakini swali ninaloulizwa ni lile lile: mtu mzima wa hapa ameumwa na mbu tangu utotoni na sasa haugui ovyo, basi kwa nini tusiwaache watoto wajijengee kinga wenyewe?

Nalijibu bila kuzunguka. Kinga hiyo huchukua miaka mingi, na katika miaka hiyo tunazika watoto. Kimelea cha malaria kiitwacho falciparum kina jeni 60 hivi za kubadilisha sura ya protini anayoibandika juu ya chembe nyekundu za damu. Mwili ukishaitambua sura moja, yeye anavaa nyingine.

Lipo na jambo la pili, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto wa hapa hapa Tororo. Watafiti waliangalia seli za kinga ziitwazo gama-delta, ambazo ni za mwanzo kupambana na malaria. Kwa watoto waliougua mara nyingi, seli hizo zilikuwa zimepungua, na zile zilizobaki ziliitikia kwa unyonge. Watoto hao hao mara nyingi walikutwa na vimelea kwenye damu huku hawana homa. Mzazi anaona mtoto amekomaa, kumbe mwili umeacha kupiga kelele. Mlinzi anayesikia mbwa wakibweka usiku kucha, kila usiku, mwisho hainuki tena kitandani.

Sasa chukueni hilo mlipeleke kwenye chanjo. Mwaka 2010 na 2011 kule Lira ilijaribiwa chanjo iitwayo BK-SE36, inayolenga kimelea akiwa tayari ndani ya damu. Dkt. Thomas Egwang, mwanasayansi wetu, alikuwa miongoni mwa watafiti, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Osaka. Watoto walitoa kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na adui, vizuri kuliko watu wazima. Ungetazamia kinyume chake, kwamba mtu mzima aliyepambana na malaria maisha yake yote ndiye angeitikia kwa nguvu. Maelezo ninayoyakubali mimi ni kwamba mwili wake ulikwisha kumzoea adui.

Chanjo tunayowapa watoto leo, R21, inamsubiri kimelea mapema zaidi. Mbu akiuma, vimelea hukimbilia ini, wengine ndani ya dakika chache tu, hujificha humo kama wiki moja, kisha humwagika kwenye damu kwa maelfu. R21 inaufundisha mwili kuitambua protini inayomfunika kimelea kabla hajaingia ini. Muda ni mfupi mno, kwa hiyo kingamwili lazima ziwe nyingi tayari kabla mbu hajatua.

Ilijaribiwa Burkina Faso, Kenya, Mali na Tanzania. Mtasikia watu wakitaja asilimia 75. Hiyo ni ya maeneo ambako malaria huja kwa msimu. Kwenye maeneo ya malaria ya mwaka mzima, kama kwetu, ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza, na mimi nawaomba mshike hiyo ya 68 ili asije mtu akasema tumemdanganya. Neti ibaki kitandani. Ila tazameni hili pia: watoto wa miezi 5 hadi 17 walitoa kingamwili nyingi kuliko wale wa miezi 18 hadi 36, na walikingwa vizuri zaidi. Umri una uzito wake.

Uganda ilizindua R21 kule Apac tarehe 2 Aprili 2025. Dozi ni nne: miezi 6, 7, 8, na 18. Tatu za kwanza zinafuatana, mama hasahau. Hofu yangu ni ile ya nne. Kingamwili hushuka kadiri miezi inavyopita, na dozi hiyo ndiyo inayozipandisha tena. Lakini kufikia hapo mtoto anatembea, ana afya, na mama ana shamba la kupalilia.

Kwa hiyo, ninyi wahudumu wa vijiji, mkiingia nyumba yenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ombeni kadi yake. Katika umri huo huo anatakiwa dozi ya pili ya surua na rubela. Mwambieni mama aende siku moja, mtoto apate zote mbili.