Kwa Nini Nikisafiri Huingia Sinema: Jibu kwa Wanaoniuliza

Ndugu zangu watazamaji, salaam. Kila ninapoweka video ya safari, swali lilelile hurudi kwenye maoni: kwa nini mtu ahangaikie viza na nauli, avuke mipaka, kisha ajifungie gizani kutazama filamu ya mapigano inayoonyeshwa dunia nzima? Wapo wanaosema najionyesha. Wapo pia ambao, nikieleza usumbufu nilioupata, husema nalalamika kama mtu asiyejua kushukuru. Leo najibu, na ninaomba mnisikilize kwanza kabla ya kunitia katika fungu mojawapo kati ya hayo mawili.

Jibu langu ni kwamba filamu hiyo haiwi ileile. Filamu ya ujasusi, ambayo shujaa wake hupigana katika nchi moja na kuibukia katika nyingine, hubadilika kulingana na ukumbi unamoitazamia. Ujerumani, Italia na Uhispania huonyesha filamu nyingi za kigeni zikiwa zimeingizwa sauti za waigizaji wa kwao, na nchini Ujerumani nyota wa Marekani huweza kuzungumza kwa sauti ya mtu yuleyule kwa miaka mingi, hata watazamaji wakaiona ndiyo sauti yake halisi. Nchini Uhispania desturi hiyo ilitiwa nguvu na amri ya mwaka 1941 ya utawala wa Franco, dikteta wa nchi hiyo, iliyolazimisha filamu za kigeni ziingizwe sauti za Kihispania. Amri iliondolewa baadaye, lakini watu walikuwa wamekwisha kuzoea. Uholanzi na Uswidi, kwa upande wao, huacha sauti za asili na kuweka maandishi chini ya picha, isipokuwa katika filamu za watoto.

Sasa chukueni filamu yenye Mmarekani, Mrusi na Mwarabu. Ikishaingizwa sauti, wakati mwingine wote watatu huzungumza Kijerumani fasaha, na mkalimani aliyeketi kati yao hubaki akitafsiri Kijerumani kwa Kijerumani. Sichekeshi, nimeliona hilo, na hakuna aliyecheka ukumbini ila mimi. Katika nchi za maandishi tatizo hugeuka. Nilikuwa Amsterdam nikifuata Kiingereza bila shida yoyote, hadi wapanga njama walipoingia chumbani na kuanza kuzungumza Kirusi. Maandishi yalikuwa ya Kiholanzi. Siri yote ya filamu ilitolewa katika mazungumzo hayo, ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja, nami nikabaki nikisoma nyuso za waigizaji kama asemavyo mganga kwamba anasoma viganja. Mjini Brussels maandishi huwekwa kwa Kifaransa na Kiholanzi kwa pamoja, kwa hiyo asiyejua lugha hizo hupata mistari miwili ya kutoelewa badala ya mmoja.

Kwa hiyo mimi, kabla ya kulipa, hutazama alama zilizoandikwa kando ya saa ya onyesho. Nchini Ujerumani OV ni sauti ya asili bila maandishi na OmU ni sauti ya asili yenye maandishi ya Kijerumani. Nchini Ufaransa VF ni sauti ya Kifaransa na VOSTFR ni sauti ya asili yenye maandishi ya Kifaransa. Nchini Uhispania utaona VOSE, yaani sauti ya asili yenye maandishi ya Kihispania. Sauti ya asili ndiyo inayonifaa mimi, na mwingine huenda akapenda kutazama bila kuelewa neno.

Linaloniudhi hasa ni malipo. Tangu mwaka 2019 kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka mnunuzi wa mtandaoni athibitishwe kwa njia mbili, na benki nyingi hufanya hivyo kwa kutuma namba kwenye simu iliyosajiliwa. Ukiwa safarini, laini hiyo mara nyingi imezimwa. Kiti ulichokichagua hushikiliwa kwa dakika chache, muda huisha, na mwingine hukichukua. Safari moja fedha zilikatwa na tiketi haikuja. Wenye ukumbi walinielekeza kwa benki, benki ikanirudisha kwa wenye ukumbi, kisha benki ikadai taarifa ya akaunti, nakala ya kibali changu cha ukaazi na barua ya muuzaji iliyotafsiriwa na mtafsiri aliyeidhinishwa, mtu mwenye mhuri. Malipo ya mtu mwenye mhuri yalizidi bei ya tiketi. Mkisema huku ni kulalamika, sawa, nalalamika, na fedha zangu hazijarudi.

Siku hizi hununua dirishani, pale panapokubaliwa fedha taslimu. Mashine ya kadi ikiniuliza kama nataka kulipa kwa fedha ya nchi niliyopo au ya akaunti yangu, huchagua ya nchi niliyopo, kwa sababu chaguo la pili humpa mwenye mashine nafasi ya kunipangia kiwango chake cha kubadilisha, ambacho kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki.

Walioniuliza kuhusu kwenda na vijana wao watazame daraja la umri mapema, maana filamu za aina hii mara nyingi huwekewa mipaka. Nchini Marekani mtoto aliye chini ya miaka 17 huruhusiwa kuona filamu ya daraja R akiwa na mzazi au mlezi. Uingereza daraja la 15 halilegezwi hata kijana akiwa na mzazi, wala daraja la 16 nchini Ujerumani. Kijana asiyefikisha umri huo atazuiwa mlangoni hata kama tiketi imekwisha kulipiwa, na kabla ya kulipa ni vyema kuuliza kama wanarudisha fedha.