Kumtafuta babu wa babu makaburini Magila

Karibuni tena, jamani. Leo nipo Magila, Muheza, mahali ambapo wenyeji huita Msalabani. Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walifungua misheni hapa karne ya 19, kwa hiyo kama ukoo wenu ni wa Bonde, yaani nchi hii ya Wabondei, na ni Waanglikana wa siku nyingi, huenda babu wa babu amelala nyuma yangu hapa.

Ila usianzie kaburini. Anzia barazani kwa bibi. Mpe shikamoo, kaa kitako, umuulize majina mawili ya marehemu: la nyumbani na la ubatizo. Hapo ndipo wengi tunapokwama. Nyumbani mtu alijulikana kwa jina la ukoo, jiwe linasema Yohana, na akina Yohana humu wamejaa tele. Uliza na jina la baba yake.

Ukishapata hayo, mwone padri uombe ruhusa.

Vifaa ni brashi laini, maji, daftari na simu. Brashi ya waya na dawa ya kung'arishia nguo ziache nyumbani, zinakula jiwe. Lowesha, sugua ukoga polepole, hivi.

Njoo saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Jua likiwa ubavuni, kivuli huingia ndani ya herufi na jina linajitokeza. Ukifika saa saba mchana utaona jiwe jeupe tu. Umechelewa? Mulika kwa kioo cha kujitazamia, kutoka pembeni.

Tazama tarakimu hizi. 1 yenye mkia mrefu hufanana sana na 7. Mie nilisoma 1917 kumbe ni 1911, nikamwongezea marehemu miaka sita ya kuishi!

Misalaba ya mbao imeliwa na mchwa, kwa hiyo makaburi mengine hayana jina. Usiyaruke. Piga picha safu nzima, kisha chora ramani ukihesabu kutoka kitu kisichohama, mfano mlango wa kanisa.

Mwisho, mwombe padri akufungulie daftari la ubatizo. Angalia wazazi, halafu wasimamizi, maana msimamizi aweza kuwa mjomba au shangazi.

Jioni mpelekee bibi picha. Wangu alivaa miwani, akaitazama weee, akasema: "Huyu si Yohana wetu, mjukuu wangu. Huyu shemeji yake." Basi kesho alfajiri narudi, naanza safu ya tatu.